Maziwa Yaliyogandia Upande

Jumatatu asubuhi Inspekta Benewaa Tawiah aliagiza mtoto aletwe mpaka koridoni, lakini asiingizwe ndani.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi minne, amebebwa na bibi yake mzaa baba, na alikuwa analia kwa njaa. Mlango wa chumba cha mahojiano uliachwa wazi kidogo kwa makusudi. Ndani alikaa mama yake, Lariba Atanga, fundi wa mitandao, mikono imefungwa pingu, kifua cha blauzi kimelowa maziwa. Alikuwa mahabusu tangu Jumamosi.

"Unamsikia?" Benewaa aliuliza.

"Namsikia, Madam."

"Basi nitajie uliyempa ile video, umnyonyeshe. Jina moja tu."

"Sikumpa mtu."

Benewaa akanyamaza akiangalia dari. Kituo kizima cha Kumasi kiliijua tabia yake ya kunyamaza, na wapo waliokiri makosa ya watu wengine ili tu aanze tena kusema. Huko nje mtoto alilia mpaka sauti ikakwaruza.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Opoku Nsiah, dereva wa kijiko cha kuchimbia, alikubali kutoa ushahidi dhidi ya wenye mashimo ya dhahabu ya wizi kule mtoni Offin. Waendesha mashtaka wakamficha na kumrekodi kwenye video, na mpumbavu mmoja akamkalisha mbele ya dirisha ambalo lilionyesha tangi la maji la shule ya jirani, jina la shule limeandikwa kwa rangi nyekundu. Ijumaa mchana mtu aliinyakua video hiyo kutoka kwenye seva yao kupitia kampuni iliyowaletea intaneti, anakofanya kazi Lariba, akitumia kompyuta ya meza ya zamu. Usiku ule ule Opoku alifuatwa. Jumamosi alfajiri alikutwa ndani ya shimo, mdomo umejaa matope, na daktari alisema matope hayo aliyameza akiwa hai.

Grafu ya kampuni ilionyesha mzigo mkubwa wa data ukitoka saa nane na robo. Lariba alishika zamu saa nane kamili, peke yake. Isitoshe kaka yake anafanya vibarua kwenye mashimo hayo hayo. Lariba mwenyewe ni mtu wa kaskazini, kaolewa kwa Waasante ambao hawakumtaka tangu mwanzo, na magazeti hayakuhitaji zaidi ya hapo. Saa sita mchana gari la magereza lingekuja kumchukua, na wanaopelekwa kule kwa kesi ya kuua hukaa mwaka wa pili na wa tatu kabla hakimu hajawauliza majina.

"Kaka yako umempigia simu mara ngapi wiki hii?"

"Kila siku. Mkewe amejifungua. Mpigie umuulize, kama bado hujampigia."

Benewaa alikuwa amekwisha kumpigia. Mke alijifungua kweli, mapacha, na simu zote zilikuwa za kuulizana majina ya watoto. Hilo hakumwambia Lariba.

Bibi wa mtoto akachungulia mlangoni. "Inspekta, basi la Goaso linaondoka saa sita. Mnamtaka mtoto au hamumtaki?"

"Unampeleka Goaso?"

"Ndiko kwetu. Jana kaka yangu alikuja hapa kumaliza mambo." Akaonyesha kwa kidevu miguu ya Lariba. Ilikuwa myeupe kwa udongo. Mjomba wa mume alikuwa amefika mahabusu akamnyunyizia udongo huo mweupe, na kwa watu wa hapa hiyo ndiyo talaka. Mahabusu hakukuwa na maji ya kunawa.

"Mama, kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama," Lariba alisema taratibu. "Siku zote unasema wewe mwenyewe."

"Kwetu, ndiyo. Lakini wewe si wa kwetu. Kwenu kaskazini mtoto ni wa baba, au nimesema uongo? Basi tunafuata sheria yako." Yule bibi alimpandisha mtoto begani, akaondoka zake. Alifurahia sana jibu lake, ilionekana hata kwa mgongo.

Lariba hakulia. Aliinama akakamua titi moja kwa kiganja, maziwa yakadondoka sakafuni, maana yalikuwa yanauma.

"Yapo mengine kazini," alisema, kama anayeongea na sakafu. "Kwenye friza. Niliyakamua Alhamisi. Angalau mtu angempa hayo."

*

Kwenye geti la kampuni ndugu watano wa marehemu walikuwa wamekaa tangu Jumamosi, wamevaa vitambaa vyekundu vya msiba, hawali kitu. Walimwachia Benewaa apite bila neno. Konstebo Ansah, kijana wake wa kupiga picha na kuandika maelezo, alimfuata nyuma akiwa ameshika kamera kifuani.

Inginia Kyerematen, mkuu wa mafundi, aliwapokea akiwa anakula waakye, wali wa kunde, kwenye jani, vidole vinang'aa mafuta ya pilipili ya shito. Alikuwa ametoa ushirikiano mzuri tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyechapisha grafu na kuileta kituoni kwa mkono wake.

"Madam, karibu tule."

"Nimeshiba. Nataka unieleze tena hii grafu."

"Wewe umesomea wezi, mimi nimesomea mashine. Nikueleze polepole?"

"Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Hilo halina shida." Akacheka, akajifuta vidole. "Kompyuta mbili zikizungumza, ruta inaandika kumbukumbu: fulani kaongea na fulani, wamepeana mzigo wa kiasi hiki. Zikinyamaza sekunde chache, ruta inaona yamekwisha. Inaifunga kumbukumbu na kuituma kwenye seva inayochora grafu. Mzigo unachorwa pale kumbukumbu inapofika. Imefika saa nane na robo. Nani alikuwa kitini saa nane na robo?"

"Na zisiponyamaza?"

Kyerematen alirudi kwenye waakye yake, akachukua tonge jingine kabla ya kujibu.

"Kuna kikomo cha pili. Mazungumzo yakiwa marefu, ruta haisubiri yaishe. Inakata kipande, inakituma, inaanza kuandika kingine. Hapa kwetu inakata kila dakika moja. Nilipanga mimi mwenyewe mwaka juzi."

"Ingekuwa inakata kila nusu saa?"

"Haiko hivyo."

"Sikuuliza ikoje."

"Basi mzigo wote ungejumlishwa pamoja, ufike mara moja mwishoni. Lakini hayo ni ya darasani, Madam."

Benewaa alitandaza grafu ya wiki nzima mezani, kando ya jani la chakula. Tangu Jumatatu iliyopita mstari ulipanda na kushuka taratibu, vilima vya kawaida. Ijumaa mchana ukabadilika. Kuanzia hapo mpaka asubuhi hii ulikuwa meno matupu: unaruka juu, unaanguka chini, unaruka tena.

"Hapa palitokea nini?"

"Mazishi ya chifu," Kyerematen alijibu hapo hapo. "Siku tatu mji mzima unarusha picha za msiba. Laini zilielemewa."

Lilikuwa jibu zuri, na Benewaa aliliandika. Kisha akaliangalia aliloliandika. Ruta hii ilihudumia ofisi za serikali peke yake, na ofisi za serikali zilifungwa kwa siku zote tatu za mazishi.

"Zile kumbukumbu zenyewe ziko wapi? Si grafu. Kumbukumbu."

"Seva inazifuta kila Jumapili. Inabaki michoro tu."

"Na ruta? Mtu akigusa mipangilio, inamkumbuka?"

"Inaandika aliyegusa mwisho na saa aliyogusa. Lakini mtu akibadilisha bila kuhifadhi, umeme ukikatika imekula kwake. Ruta inaamka na mpangilio wa zamani, na jina la aliyegusa limepotea." Alikunja jani. "Betri za chumba cha ruta zilikufa tangu Krismasi. Mgawo wetu Ijumaa ni saa tisa mchana, giza mpaka alfajiri. Kwa hiyo hata kama huyo binti aligusa kitu, ruta imekwisha lala na kuamka. Hutakuta kitu."

"Ijumaa saa tisa ulikuwepo hapa?"

"Niliondoka saa nane, nikamkabidhi kiti. Nilikuwa msibani. Jenereta mbili kubwa, muziki, watu kama mchanga. Mpaka alfajiri."

"Mgawo wa leo ni saa ngapi?"

"Saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Benewaa alisimama akajinyoosha, akasema anataka maji ya baridi.

Friji ilikuwa pembeni ya chumba cha zamu. Alifungua sehemu ya juu, ya friza. Kulikuwa na mifuko ya maji ya pure water, chupa mbili za kinywaji cha sobolo, na chupa moja ya mtoto iliyobandikwa utepe: Alhamisi, Lariba. Ilikuwa imesimama wima, imebanwa pembeni kabisa. Maziwa yalikuwa yameganda upande mmoja, yamekumbatia ubavu wa chupa kutoka kitako mpaka shingoni, na upande wa pili mtupu.

Benewaa hakuigusa. "Hii chupa nani kaiweka hivi?"

"Ah, hiyo." Kyerematen alikunja pua. "Friji ya kazini, mtu anaweka vitu vya kifuani mwake. Ijumaa mchana kabla sijaondoka nilitaka pa kuweka sobolo yangu, nikaikuta imelala katikati imejinyoosha. Nikaisimamisha pembeni."

"Ilikuwa imeganda?"

"Jiwe."

"Na tangu hapo hujaigusa?"

"Niiguse ya nini?"

Benewaa alimwita Ansah apige picha, mbele, ubavuni, na saa ya ukutani ionekane. Kyerematen alitazama yote hayo huku akijichokonoa meno.

"Inginia, nywila yako ya ruta nani mwingine anaijua?"

"Hakuna. Hata mke wangu haijui, na mke wangu anajua kila kitu."

"Vizuri. Ansah, piga simu kituoni. Wamlete Lariba."

"Huyo wa nini hapa?" Kyerematen alisimama. "Unamleta mtuhumiwa aguse mitambo yangu?"

"Ninayeogopa aiguse ni wewe," Benewaa alisema. "Kaa."

*

Walimpitisha Lariba getini akiwa na pingu. Ndugu wa marehemu walisimama. Hawakumpiga, kwa sababu polisi walikuwa sita, lakini mkubwa wao alimtemea mate usoni na wa mwisho alimtupia mfuko wa maji, ukampasukia sikioni. Benewaa aliyaona yote kutoka dirishani na hakutuma mtu.

Lariba alipoingia, dakika zilizobaki kabla ya mgawo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Alikalishwa mbele ya kompyuta ya zamu.

"Madam, pingu," Lariba alisema.

"Chapa nazo."

Alichapa nazo. Mnyororo uligonga ukingo wa meza kwa kila neno. Akaingia kwenye ruta kwa jina lake mwenyewe.

"Tuambie imeamka lini mara ya mwisho."

Lariba alisoma, akasoma tena. "Jumatano alfajiri. Siku ya tano sasa haijazimika."

"Kosa hilo," Kyerematen alisema. "Ijumaa umeme ulikatika."

"Haukukatika," Benewaa alisema. "Shirika la umeme halikuthubutu kuacha chifu azikwe gizani. Mji mzima ulikaa na taa siku tatu. Wewe tu hukujua, maana ulikuwa umekaa chini ya turubai kati ya jenereta mbili. Maziwa haya yaliganda chupa ikiwa imelala. Uliisimamisha Ijumaa mchana. Friza ingezimika kuanzia saa tisa mpaka alfajiri, yangeyeyuka yakajikusanya kitakoni, yakaganda upya bapa. Yako vile vile ulivyoyaacha. Lariba, tuonyeshe kikomo cha kukata."

Herufi zilijipanga kwenye kioo. Lariba akaweka kidole. "Dakika thelathini."

"Na mpangilio uliohifadhiwa?"

"Dakika moja."

"Aliyegusa mwisho?"

Hapo Lariba hakusoma kwa sauti. Alisogeza kiti pembeni ili Benewaa aone mwenyewe: Ijumaa, saa saba na dakika arobaini mchana, na jina la Kyerematen.

Ansah alipiga picha ya kwanza, ya pili. Alipokuwa anajiandaa kwa ya tatu, feni ilipungua mbio, kioo kikawa cheusi, na friji kule pembeni ikatetemeka mara moja ikanyamaza. Saa sita ilikuwa imefika.

Kyerematen akavuta pumzi. "Sasa hamna kitu humo ndani. Ikiwaka itakuwa imesahau. Mna picha ya kamera ya konstebo, basi."

Benewaa alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana, na akanyamaza. Bila feni chumba kilipata joto haraka. Kyerematen alisema jina lake linaweza kuibwa na mtu yeyote. Hakujibiwa. Akasema pengine aligusa kikomo kwa majaribio, akasahau. Hakujibiwa. Aliomba maji. Ansah alitazama bosi wake, akabaki alipo.

"Ulianzisha kunakili kabla ya saa nane," hatimaye Benewaa alisema, polepole, "ukaficha dirisha lake kwenye kioo, ukamkabidhi kiti kikiwa bado cha moto. Video ikaendelea kutoka huku yeye amekaa juu yake. Kwa mpangilio wako wa zamani grafu ingeonyesha kilima kinaanza kwenye zamu yako. Kwa huu mpya, lilitokea jino moja, na likaota kwenye zamu yake. Umeme ungekusafishia mengine. Nimekosea wapi?"

"Walisema watamtisha tu," Kyerematen alisema. Shingo yake ilikuwa imelowa. "Shemeji yangu mwenye mashimo aliniapia. Watamtisha akimbilie Ivory Coast, yaishe."

"Kwa nini Lariba? Mafundi mko wanane."

Kyerematen alimtazama Lariba, kisha akatazama mikono yake yenye mafuta. "Kwa sababu hapa hana mtu. Nilijua hakuna atakayekuja kumuulizia."

Lariba alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba amesomewa hesabu akaikuta sahihi.

"Ansah, mvue pingu huyu umvalishe yule," Benewaa alisema.

Pingu zilikuwa hizo hizo, na zilipobana vifundo vya mikono ya Kyerematen alitazama dirishani, akawaona watu watano wenye vitambaa vyekundu, na polisi wawili tu waliobaki kivulini, wengine wamekwenda kutafuta chakula. Uso wake ukabadilika.

"Madam, kuna mlango wa nyuma. Gari linaweza kuzunguka."

"Lariba alipita mbele."

"Wataniua."

"Watajaribu. Ansah, tangulia ukawaambie nani anatoka, na kwa nini. Useme kwa Kitwi kizuri, waelewe. Halafu uwape nafasi ya kukaa sawa."

Kyerematen alilia kama mtu mzima anavyolia, bila aibu, akashika mguu wa meza. Walimbandua kidole kimoja kimoja. Ukimya uliingia getini baada ya Ansah kusema. Kisha ukaisha, na Benewaa alikaa akaandika maelezo yake kwa mwanga wa dirisha mpaka kelele zilipotulia. Kyerematen alifika garini akiwa hai. Jicho moja daktari alishindwa kuliokoa.

*

Aliponyanyua kichwa, Lariba alikuwa amesimama kwenye friji, mlango wazi, chupa mkononi.

"Niko huru, Madam?"

"Uko huru. Karatasi utasaini jioni."

"Mwanangu?"

"Basi la Goaso limeondoka."

"Ulilisikia likitajwa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kuna gari jingine saa saba," Lariba alisema. "Nikiyafunga kwenye kitambaa na barafu ya pure water, yatafika. Hatakubali maziwa ya kopo, najua. Ataanza kukataa na kulia, na wao watasema ni mchawi kama mama yake." Aliitia chupa kwapani akaanza kutafuta kitambaa.

"Iache," Benewaa alisema.

"Nini?"

"Hiyo chupa ni kielelezo. Wakili wa Kyerematen atasema picha zimetengenezwa. Jaji atataka kuiona chupa yenyewe."

"Umeme umekatika, Madam. Itayeyuka humu humu. Jaji ataona nini?"

"Ataona chupa yenye lebo na saini yangu."

Aliichukua kutoka kwapani mwa Lariba, akafunga lebo shingoni, akaandika namba ya kesi, akaisimamisha juu ya meza katikati yao. Kisha akaendelea na maelezo yake, maana sentensi ya mwisho ilikuwa haijakamilika.

Lariba hakuondoka. Alivuta kiti chake cha zamu akakaa, miguu ingali myeupe, akaitazama ile chupa. Joto la mchana lilifanya kazi yake. Maziwa yaliachia shingo kwanza, yakateleza ubavuni, yakajikusanya kitakoni kidogo kidogo, mpaka yakatulia bapa.